Kutoka Mfupa wa Ishango mpaka Siku ya Pasaka: Namba Mbili Hutafutwaje?



Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za mfupa wa Ishango. Ishango ni mahali katika nchi yetu ya Kongo, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja mwenye elimu ya mawe na udongo, jina lake Jean de Heinzelin, alichimba pale akapata mfupa mdogo, urefu wake sentimita 10 hivi. Kichwani una kipande cha jiwe gumu, na kandokando yake zimechanjwa alama nyingi. Wenye elimu husema umri wake ni kama miaka 20,000. Leo mfupa huo unatunzwa mjini Bruxelles.

Alama hizo zimepangwa katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 9, 19, 21 na 11. Ya pili ina mafungu ya 19, 17, 13 na 11. Ya tatu ina mafungu ya 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Chukueni kalamu mkajumlishe: safu mbili za kwanza, kila moja hufika 60, na ya tatu hufika 48. Watu wengine wanasema huyo aliyechanja alikuwa akifanya hesabu. Wengine wanasema alikuwa akifuata siku za mwezi. Wengine wanasema labda alichanja tu ili mkono ushike vizuri. Sisi hatutaki kukata shauri hilo, kwa maana mwenyewe hayupo tumwulize. Tunazichukua tu zile jumla mbili, 48 na 60, kwa sababu siku moja zilituletea aibu, na aibu hiyo ilitufundisha jambo.

Kazi yetu ni kufundisha katekisimu, lakini jioni, mafundisho yakiisha, tunawasaidia vijana wa parokia katika hesabu. Jioni moja tuliwasimulia habari za mfupa, kisha tukawapa zoezi juu ya 48 na 60. Kesho yake tukaligeuza zoezi lile tukaandika ubaoni: «Namba mbili zina kigawo kikubwa cha shirika 12, na kigawe kidogo cha shirika 240. Ni namba zipi?» Tulitazamia kila mmoja aandike 48 na 60. Lakini binti mmoja wa darasa la sita aliandika 12 na 240. Tulipiga mstari mwekundu katika daftari lake, tukasema mbele ya wote: «Wewe umenakili tu namba za swali.» Wenzake wakacheka. Yeye hakujibu neno, akafunga daftari. Jioni tatu zilizofuata hakuonekana.

Usiku wa jioni ya tatu tulikaa na taa tukalipima jibu lake. Kumbe lilikuwa kweli! Ndipo tulipofungua tena madaftari yetu ya zamani ya seminari, tukatafuta asili ya elimu hii na njia zake. Hayo tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea leo.

Maana ya maneno yenyewe

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Watoto wetu shuleni huandika PGCD na PPCM kwa Kifaransa, na wazazi wengi wakiona herufi hizo huogopa. Lakini mambo yenyewe ni ya nyumbani.

Mama mmoja ana maembe 48 na ndizi 60. Anataka kuyapanga mafungu sokoni, mafungu yote yawe sawasawa, wala kisibaki kitu. Anaweza kupanga mafungu 2, au 3, au 4, au 6. Akitaka mafungu mengi iwezekanavyo, yatakuwa 12, na kila fungu litakuwa na maembe 4 na ndizi 5. Hiyo 12 ndiyo kigawo kikubwa cha shirika cha 48 na 60: namba kubwa kupita zote inayogawanya hizi mbili bila kubakiza.

Tena, fikirini masoko mawili. Moja hukutana kila siku ya 4, jingine kila siku ya 6, na leo yamekutana yote mawili. Yatakutana tena pamoja siku gani? Mtu wa haraka atasema: 4 mara 6 ni 24. Hapana, yatakutana baada ya siku 12, kwa kuwa 12 ni namba ndogo kupita zote inayopatikana kwa kurudia 4 na kwa kurudia 6. Hiyo ndiyo kigawe kidogo cha shirika.

Kwa nini mtu wa haraka alikosa? Kwa sababu 4 na 6 zina udugu: zote mbili hugawanyika kwa 2. Udugu huo huwakutanisha mapema. Namba ambazo hazina kigawo cha shirika ila 1 tu, kama 4 na 5, sisi katika habari hii tutaziita namba zisizo na udugu. Hizo hazikutani mpaka zimezidishwa kabisa.

Mwalimu wa Aleksandria

Mtu aliyetuachia elimu hii kwa maandishi yaliyopangwa vizuri ni Euclides. Aliishi karibu na mwaka 300 kabla ya Kristu, akafundisha Aleksandria, mji wa Misri, katika Afrika yetu hii. Alitunga kitabu kiitwacho «Misingi», chenye mafungu 13. Watu wengi hukijua kwa ajili ya elimu ya mistari na pembe, lakini fungu la 7 ni la namba tupu, na mara mwanzoni linaeleza jinsi ya kupata kigawo kikubwa cha shirika.

Njia yake ni rahisi hata mtoto aweza kuifuata. Ndogo hutolewa katika kubwa, tena na tena, mpaka zibaki namba mbili zilizo sawa. Tuchukue 60 na 48. Toa 48 katika 60, hubaki 12. Sasa una 48 na 12. Toa 12 katika 48, hubaki 36; toa tena, hubaki 24; toa tena, hubaki 12. Sasa una 12 na 12. Basi, umefika: kigawo kikubwa ni 12. Euclides aliwaza namba kama urefu wa kitu, kama vile fundi mwenye kamba mbili anavyotafuta kipimo kimoja kitakachozipima zote mbili bila kubakiza.

Katika fungu lilelile, hoja ya 34, anafundisha pia kupata kigawe kidogo. Husema hivi kwa maana: zipunguze kwanza namba zako mpaka zisiwe na udugu, ndipo uzidishe kwa kupishana. 48 na 60, kila moja ikigawanywa kwa 12, huwa 4 na 5. Zidisha 48 kwa 5, utapata 240. Zidisha 60 kwa 4, utapata 240 ileile. Kutoka hapo yafuata kanuni ambayo kila mwanafunzi angeishika moyoni: ukizidisha namba zako mbili, ni sawa na kuzidisha kigawo kikubwa kwa kigawe kidogo. 48 mara 60 ni 2,880. Na 12 mara 240 ni 2,880.

Tusidhani lakini kwamba jambo hili lilijulikana mahali pamoja tu. Wachina walikuwa na kitabu cha kale cha hesabu kiitwacho «Sura Tisa», ambacho Liu Hui alikiandikia maelezo mwaka 263 baada ya Kristu. Humo mwanafunzi anaambiwa apunguze sehemu 49 za 91. Njia ni kutoleana kwa zamu: 91 toa 49 ni 42, 49 toa 42 ni 7, 42 ukitoa 7 mara tano hubaki 7. Kigawo ni 7, na sehemu ile huwa 7 za 13. Ni njia ileile ya Euclides, nayo hatuoni mkono uliompa mmoja kutoka kwa mwenzake.

Karne nyingi baadaye ndipo mikondo hiyo miwili ilipokutana. Padri Christophorus Clavius, Mjesuita aliyefundisha Roma, alitoa kitabu cha Euclides pamoja na maelezo yake mwaka 1574. Mwanafunzi wake, Padri Matteo Ricci, alikwenda China, na mwaka 1607 yeye na mkubwa mmoja wa serikali, Xu Guangqi, walitoa kwa Kichina mafungu 6 ya kwanza ya kitabu hicho. Waliishia hapo, kabla ya lile la 7 linaloanza habari za namba. Lakini Wachina hawakupungukiwa na njia ya kutoleana, kwa maana walikuwa nayo tayari.

Nyumba moja, Pasaka mbili

Sasa tuje kwa jambo linalowagusa Wakristu wote. Mtu anaweza kuuliza: elimu hii ya vigawe ina faida gani kwa Kanisa? Tunamjibu: wakati mmoja, kwa kuikosa, watu walikula Pasaka siku mbalimbali chini ya paa moja.

Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulitaka Wakristu wote waadhimishe Pasaka Dominika moja. Pasaka hufuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, na lazima iwe Dominika. Kwa hiyo ni lazima kuwapatanisha mabwana wawili, mwezi na juma, na kila mmoja ana mzunguko wake.

Mwezi huzunguka hivi. Meton wa Athena, mwaka 432 kabla ya Kristu, alitangaza kwamba miaka 19 ni karibu sawasawa na miezi 235 ya mbinguni. Baada ya miaka 19 mwezi mpevu hurudi tarehe zilezile. Kwa kalenda ya zamani, ile ya Julius Caesar, kosa lake ni kama saa moja na nusu tu kwa kila miaka 19.

Juma nalo huzunguka hivi. Siku za juma ni 7, na mwaka mrefu huja kila mwaka wa 4. Namba 7 na 4 hazina udugu, basi kigawe chao kidogo ni 28. Katika kalenda ile ya zamani, baada ya miaka 28 Dominika hurudi tarehe zilezile.

Fikirini sasa magurudumu mawili ya meno yanayoshikana, kama yale ya mashine, moja lina meno 19, jingine lina meno 28. Mmetia alama ya chaki pale yanapogusana. Alama zitagusana tena lini? 19 na 28 hazina udugu wowote. Basi ni lazima kuzidisha kabisa: 19 mara 28, yaani 532. Baada ya miaka 532, tarehe zote za Pasaka huanza upya kwa mpango uleule. Mmonaki Annianus wa Aleksandria aliuona mzunguko huo mwanzoni mwa karne ya 5. Katika nchi za Magharibi, Victorius wa Aquitania aliandika mwaka 457 orodha ya miaka 532, kwa kuombwa na Shemasi Mkuu Hilarus, ambaye baadaye akawa Papa. Orodha yake ilikuwa na kasoro, ikaleta ubishi mwingi, lakini namba 532 yenyewe ilikuwa sahihi.

Wengine walitumia njia za mkato. Dionysius Exiguus, yuleyule aliyeanza kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Bwana, alipanga mwaka 525 orodha ya miaka 95, yaani mizunguko 5 ya miaka 19. Miaka 95 yavuta macho, kwa kuwa mara tatu katika nne siku za juma hurudi palepale. Lakini ile mara ya nne hukosea siku moja, maana 95 haigawanyiki kwa 28. Wakristu wa Irlandi na sehemu za Britania walishika orodha ya miaka 84. Hiyo ni 28 mara 3, basi Dominika hazikosei kamwe. Lakini mwezi huteleza zaidi ya siku moja katika kila miaka 84. Mtaona wenyewe: huyu amempendeza mwezi, yule amelipendeza juma. Ni kigawe cha shirika peke yake kinachowapatanisha wote wawili.

Mtakatifu Beda anasimulia matokeo yake. Katika nchi ya Northumbria, Mfalme Oswiu alifuata hesabu ya Wairlandi, na Malkia Eanflaed, mke wake, aliyelelewa kwa desturi nyingine, alifuata ile ya Roma. Ikatokea kwamba mfalme amemaliza mfungo, anakula karamu ya Pasaka, na malkia pamoja na watu wake bado wanafunga, maana kwao ilikuwa Dominika ya Matawi. Nyumba moja, huku Aleluya, kule majivu! Mwaka 664 mfalme aliita mkutano katika monasteri ya Whitby, iliyoongozwa na Mtakatifu Hilda. Askofu Colman alitetea desturi ya Wairlandi, Padri Wilfrid alitetea ile ya Roma, na mfalme akachagua Roma. Mwaka 725 Beda aliandika kitabu juu ya hesabu ya nyakati, akaeleza mzunguko wa 532 vizuri hata kila monasteri iweze kuufuata.

Ile saa moja na nusu, hata hivyo, haikusahaulika. Katika miaka zaidi ya elfu moja ilijikusanya ikawa siku kadhaa, na mwaka wa jua nao ulikuwa umeteleza. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII alisahihisha kalenda: baada ya tarehe 4 Oktoba ikafuata tarehe 15. Padri Clavius tuliyemtaja alikuwa mmoja wa walioifanya kazi hiyo na kuieleza kwa watu. Katika kalenda hiyo mpya magurudumu ni mengi zaidi, hata orodha ya Pasaka huanza upya baada ya miaka 5,700,000. Makanisa mengi ya Waortodoksi bado yanashika Pasaka ya mzunguko wa 532, ndiyo maana siku zetu na zao hutengana mara nyingi. Mwaka 2025 zilikutana, tarehe 20 Aprili.

Njia ya kurudi

Turudi kwa swali la ubaoni. Mpaka sasa tumetoka kwa namba mbili tukaenda kwa kigawo na kigawe. Hiyo ni njia ya kushuka mto. Swali letu lilikuwa la kupanda mto: kigawo na kigawe vinajulikana, namba zenyewe zimefichika. Je, mtu aweza kuzipata?

Aweza, kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza: gawanya kigawe kwa kigawo. 240 gawanya kwa 12 ni 20. Ikibaki kitu, acha kazi, hakuna namba za namna hiyo. Kwa mfano, mtu akikuambia kigawo 8 na kigawe 60, amekosea yeye, maana 8 lazima igawanye namba zote mbili, na kwa hiyo lazima igawanye kigawe chao pia.

Hatua ya pili: ile 20 uipasue katika namba mbili zisizo na udugu, ambazo zikizidishwa hurudisha 20. Kuna 1 na 20. Kuna 4 na 5. Je, 2 na 10? Hapana! Hizo zina udugu wa 2. Hapo ndipo wengi huanguka. Mtu akichukua 2 na 10, atapata 24 na 120. Akizizidisha atapata 2,880 kama inavyotakiwa, naye atafurahi. Lakini kigawo chao kikubwa ni 24, si 12. Kumbe kuzidisha peke yake si ushahidi wa kutosha.

Hatua ya tatu: kila moja uizidishe kwa kigawo. 1 na 20 hutoa 12 na 240. 4 na 5 hutoa 48 na 60. Basi, majibu ni mawili, wala hakuna la tatu. Binti yule alikuwa na moja, na sisi tulikuwa na jingine. Tofauti ni kwamba yeye hakusema letu ni kosa.

Mtu atauliza: nitajuaje kwamba nimemaliza majibu yote? Hapa namba tasa hutusaidia. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 19. Kila namba nyingine hujengwa kwa tasa hizo, na kwa namna moja tu. Mizizi ya jambo hilo imo katika Euclides, lakini Carl Friedrich Gauss, Mjerumani, ndiye aliyelithibitisha waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1801. Sasa, unapoipasua ile namba ya katikati, kila aina ya tasa lazima iende yote upande mmoja. Ikigawanyika huku na huku, udugu umeingia. 20 ina aina mbili: 2 (mara mbili) na 5. Ama ziko pamoja, ama zimetengana: njia mbili. Ikiwa na aina moja tu, jozi ni moja. Ikiongezeka aina moja, jozi huwa maradufu: aina mbili jozi 2, aina tatu jozi 4, aina nne jozi 8.

Tazameni mfano wa zamani sana. Wachina huhesabu kwa mizunguko miwili, mmoja wa 10 na mmoja wa 12, na pamoja hurudi baada ya 60. Mzunguko huo wa siku 60 umeonekana umechanjwa juu ya mifupa ya wakati wa wafalme wa Shang, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Kristu. Kigawo cha 10 na 12 ni 2, kigawe ni 60. Tuseme mchimbaji ameokota mfupa uliovunjika, ukabaki na 2 na 60 tu. Je, atajua mizunguko ilikuwa ipi? 60 gawanya kwa 2 ni 30, yenye tasa 2, 3 na 5. Jozi ni nne: 2 na 60, 4 na 30, 6 na 20, 10 na 12. Hesabu itampunguzia shaka, lakini haitamwambia ni ipi.

Hata 532 ya Pasaka ni hivyo. Kigawo ni 1, kigawe ni 532, na tasa zake ni 2 (mara mbili), 7 na 19. Jozi ni nne: 1 na 532, 4 na 133, 7 na 76, 19 na 28. Ile ya mwisho ni mwezi na juma. Lakini angalieni ile 7 na 76. Karibu na mwaka 330 kabla ya Kristu, Callippus wa Ugiriki alikuwa ameunganisha mizunguko minne ya Meton, akapata miaka 76 ili kuingiza ile robo ya siku ya kila mwaka. Chukua 76 yake, ukutanishe na siku 7 za juma, utafika 532 ileile. Njia mbili za kweli zimeingia mji mmoja.

Daftari lenye mstari mwekundu

Tulipokwisha kuyaelewa hayo, tulikwenda nyumbani kwa yule binti. Mama yake alitukaribisha, akatupa kiti, akamwita mtoto. Tulimwuliza: «Mwanangu, ulipataje jibu lako?» Akasema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, samahani. Niliona 12 inaingia katika 240 bila kubakiza. Basi nikafikiri kigawo chao ni 12 yenyewe, na kigawe chao ni 240 yenyewe.» Hakuwa amenakili. Alikuwa amefikiri, na sisi hatukumwuliza.

Mama yake akasema: «Mwalimu, mtoto huyu alitaka kuacha hesabu. Alisema hesabu si kazi yake.» Maneno hayo yalituuma kuliko aibu ya ubaoni. Makosa katika hesabu hufutwa kwa kitambaa, lakini mtoto akiaminishwa kwamba hana akili, ni nani atakayemfuta neno hilo?

Jioni iliyofuata tulisimama mbele ya vijana wote, kwa kuwa mbele yao wote ndipo tulipomkosea. Tuliandika jibu lake ubaoni, tukalipima pamoja nao, tukasema: «Kosa lilikuwa letu.» Wakanyamaza kidogo, kisha yeye mwenyewe akainua mkono: «Mwalimu, je, ziko namba nyingine tena?» Tukaitafuta jozi ya tatu darasa zima. Mmoja akaleta 24 na 120, na binti yule ndiye aliyemwonyesha kwa nini si kweli.

Ndugu wazazi, mtoto wako akirudi na jibu lisilo katika kitabu, mwulize kwanza amepitia wapi. Na ninyi walimu wenzetu, kabla ya kupiga mstari mwekundu, pimeni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tumejifunza kwamba hata mwalimu aweza kumwuliza mwanafunzi.

Ili msituache na mikono mitupu, fanyeni hili nyumbani, baba, mama na watoto pamoja: namba mbili zina kigawo kikubwa cha shirika 6 na kigawe kidogo cha shirika 180. Jozi ziko nne. Atakayepata tatu asichoke, na atafute ile iliyobaki.